Yaliyoingia, Yaliyotoka

Muuguzi Cishugi alinipa daftari la shule,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
akapiga mstari katikati ya ukurasa:
huku andika yanayoingia, huku yanayotoka.
Nikadhani ni hesabu ya pesa.

Ilikuwa hesabu ya maji ya dada yangu.

Nsimire alijifungua Jumanne, usiku, juu Kadutu.
Mtoto akalia vizuri, kondo likachelewa,
na damu ikashuka kama njia yetu inavyoshuka mvua ikinyesha,
bila kumuuliza mtu.
Tulimfunga vitenge viwili. Cha tatu kilikuwa changu.
Moto ya kwanza ilikataa, ikihurumia kiti chake.
Ya pili ilikubali, dereva akikaza macho mbele,
mimi nyuma nikimshikilia
kama gunia la makaa linalotaka kulala.

Mifuko minne ya damu. Mmoja wa shemeji,
mmoja wa mwanafunzi tusiyemjua hata jina.
Moyo ukarudi. Macho yakarudi.
Akauliza mtoto ana vidole vingapi.
Lakini mfuko wa sonde, ulioning'inia kitandani,
ulibaki mkavu kama bidoni zetu
wiki ile bomba la mtaa lilipokohoa hewa tu.

Jumatano: yaliyotoka, sifuri.
Alhamisi: sifuri.
Ijumaa kijiko kimoja, rangi ya chai iliyosahauliwa motoni.

Nyumbani walisema amefungwa.
Walimtaja jirani kwa jina, wakataka mbuzi.
Daktari, kijana mwenye ndevu tatu, aliniuliza:
Chakula kikipungua nyumbani, nani anapewa kwanza?
Watoto, nikasema.
Basi moyo na ubongo ndio watoto.
Figo ni mama mwenye nyumba. Zilikaa jikoni, kimya,
na saa zile mbili za njiani zilitosha kuzizimisha.
Zitaamka?
Akaangalia dirisha. Mara nyingi huamka.
Nililichukua lile "mara nyingi"
nikalala nalo sakafuni, chini ya kitanda chake.

Mashine ya kuosha damu, bei yake ilikuwa ng'ambo ya likelemba yetu,
hata kama mama wote wa sambaza wangenipa zamu zao
mpaka Noeli.

Tukangoja. Na kungoja kulikuwa na sheria:
ndizi hapana, chumvi hapana,
maji kikombe kimoja, asubuhi mpaka asubuhi.
Mimi niliyepanda mlima na bidoni tangu utotoni
nikafundishwa kumnyima mtu maji.
Ziwa liko pale dirishani, limejaa mpaka linachosha,
na dada yangu, uso umevimba, ulimi kama kitambaa,
akaniambia: Wewe si wa tumbo la mama yangu.
Nikamlowesha midomo kwa pamba.
Pamba sikuiandika daftarini.
Nisamehe, Cishugi.

Siku ya kumi na moja, saa tisa usiku,
nilisikia tone kwenye plastiki.
Nikadhani mvua. Nje kulikuwa na nyota.
Mililita arobaini. Kesho yake mia mbili.
Kisha lita, kisha lita mbili,
nikawa namwaga, narudi, namwaga,
nikicheka peke yangu koridoni
kama mtu aliyeokota dola chooni.

Hajarudi alivyokuwa. Jioni miguu hujaa,
kila mwezi damu inakwenda kupimwa na deni linabaki,
na mume wake ameanza kusema mtoto anahitaji mdogo wake.
Nilimpa daftari. Alisoma kimya,
kidole kikakaa muda mrefu juu ya sifuri ya Alhamisi.

Mtoto anaitwa Ashuza. Anakojoa kila mahali,
kwenye kitenge changu, kwenye mkeka wa wageni,
na mama yake hamkemei.

Kurasa zilizobaki naandikia madeni ya sambaza.